Baba Alivyoliliwa kwa Kifaransa

Baba yangu amewahi kuliliwa kwa Kifaransa. Ilikuwa dakika kumi na moja, mbele ya kamera mbili, naye akiwa mzima ndani ya sanda, anasikia kila kitu. Watu wakinisikia nikisimulia hucheka, nami huwaacha wacheke kwanza, kwa sababu siku ile hata mimi nilicheka. Lakini aliyempeleka pale ni mimi, na aliyemfunga ile sanda ni mimi.

Ulikuwa mwaka ule wa korona, hoteli za Diani zilipofunga milango. Mimi nilikuwa karani wa mapokezi, mwenye Kifaransa changu cha kuokoteza kwa wageni na cha miaka miwili ya darasani. Nilirudi nyumbani kijijini, karibu na Msambweni, nikawa mtu wa kukaa barazani na kugombana na mama kuhusu kuku. Kazi iliyonibakia ilikuwa ile isiyo na mshahara. Mimi ni mmoja wa waosha maiti wa msikiti wetu. Ami yangu alinifundisha nikiwa na miaka ishirini, na mpaka leo mikono yangu inaijua kazi hiyo kuliko inavyojua kushika kalamu.

Ndipo nikapigiwa simu na mume na mke, Wafaransa, wenye nyumba ya ufukweni Diani. Nilikuwa nikiwajua kwa sababu walikuwa wakija hotelini kula kila Ijumaa. Mke alikuwa mwimbaji wa opera, mume mwongozaji. Kumbi za kwao zilikuwa zimefungwa kama hoteli zetu, na wao wenyewe wamekwama huku, kwa hiyo walikuwa wameamua kutayarisha opera mbili fupi, kila moja ya sehemu moja tu, zipigwe picha palepale nyumbani kwao kisha zionyeshwe mtandaoni zikifuatana. Muziki ulikuwa umepigwa kwao Ufaransa na kuletwa kwa mtandao. Walichohitaji ni mtu wa kuwatafsiria kwa mafundi, na dobi mzuri wa nguo za mchezo.

Opera, kwa asiyeijua, ni mchezo wa kuigiza ambao hakuna anayesema neno kwa kawaida. Hata mtu akiomba chumvi mezani anaiomba kwa kuimba, na anayempa anampa kwa kuimba vilevile. Ya kwanza ilikuwa ya kuchekesha, ya mwanamke muuza kofia wa Parisi aliyewaficha wachumba wawili katika kabati moja. Ya pili ilikuwa ya kijiji cha watu wanaovuna chumvi ya bahari, kaskazini mwa nchi yao. Mume amezama baharini, maiti yake imeletwa nyumbani, na mke anamwimbia mpaka watu waje kumchukua. Ndiyo hadithi yote hiyo. Mtu mmoja amekufa na mwingine anaimba.

Dobi nilimpeleka baba. Alikuwa amefanya kazi ya kufua na kupiga pasi hotelini kwa miaka thelathini, chumba cha nyuma, mahali ambapo mgeni hafiki. Alikuwa amestaafu na maradhi yake mawili, presha na sukari, na kila asubuhi alikuwa akimeza vidonge vitatu kwa uji, bila kulalamika. Alifurahi kuitwa. Siku ya kwanza umeme ulipokatika aliomba pasi ya makaa kwa jirani, akazinyoosha zile gauni za Parisi mpaka mwimbaji mwenyewe akaja kuzishika.

Maiti wa opera ya pili alikuwa mwanasesere wa gunia lililojazwa sponji. Kwa mbali alipita, lakini kila mara mwimbaji alipomwinamia na kumkumbatia, alikunjika kiunoni kama mto. Mwongozaji alikasirika. Alitaka mtu wa kweli, mzee, anayeweza kutulia.

Baba alikuwa pembeni na pasi yake. Akaniuliza, "Huyo maiti wao anahitaji kusema neno?"

"Hasemi, baba. Maiti wa Kifaransa ni sawa na wa kwetu."

"Basi waambie nitalala mimi."

Nilimwambia si vizuri. Akaniuliza kulala nako kumekuwa si vizuri tangu lini. Nilipaswa kushikilia hapo. Nikacheka, nikamtafsiria mwongozaji, na mwongozaji akampa baba mkono kwa mikono yake yote miwili.

Walimfunika shuka, na upepo wa pwani ukaivuta. Wakajaribu shuka nzito, ikaonekana kama mtu aliyelala na homa. Mwongozaji akaniuliza kama ninajua namna ya kumfunga mtu kitambaa kikakaa. Kwa bahati mbaya nilikuwa nikijua. Kesho yake nikaenda Kona ya Musa, kwa muuza vitambaa ambaye sisi watu wa msikiti tunamjua, nikaomba bafta, kile kitambaa cheupe cha sanda. Hakuuliza ni ya kushona nini. Alinipa mkono, akaniuliza, "Ametangulia nani?" Nikamwambia ni ya akiba ya msikiti. Akakata. Nikarudi nayo kwapani, na sikumtazama mtu njiani.

Kosa langu kubwa lilikuja hapo. Nilidhani nitafunga kwa mchezo. Lakini mikono haikujua kwamba ni mchezo. Nilitandika vipande vitatu, nikamlaza baba juu yake, nikaanza upande wa kushoto na kuufunika na wa kulia, nikafunga fundo la kichwani, la kiunoni na la miguuni, uso nikauacha wazi kwa ajili ya kamera. Mwongozaji alikuwa amesema kichwa kielekee kwenye nyumba. Mimi nikamlaza kwa ubavu wa kulia, uso kibla, kichwa kikaenda upande wa bahari. Yule mwongozaji, badala ya kuniambia nimgeuze baba, aliagiza kamera zigeuzwe. Alisema ni bora zaidi hivyo. Wakati huohuo nikajisikia nimeshayasema, chini kwa chini, yale maneno ambayo hatuyasemi ila tunapomteremsha maiti kaburini. Yalinitoka yenyewe. Nikamwangalia baba kama amesikia. Macho yake yalikuwa yamefumbwa.

Mwimbaji akaanza. Sijui kueleza sauti ile. Mwanamke mnene, nguo nyeusi, miguu mitupu mchangani, na sauti inatoka bila yeye kuonekana kujisumbua. Alimwimbia baba mikono yake. Alimwimbia kikombe chake kilichobaki mezani, na upande wake wa kitanda. Machozi yalikuwa ya kweli, yalidondoka kwenye bafta na kuacha madoa. Baba hakupumua, au alipumua kwa namna ambayo hakuna aliyeiona. Dakika kumi na moja bila kukata.

Mpiga kamera, mwanamke wa kutoka bara, ndiye wa kwanza kusema. "Huyu mzee ni noma. Hajasonga hata kidogo. Mimi karibu niite ambulensi, walai."

Tukacheka wote. Nikamfungua baba. Aliketi kwenye ngazi, mikono magotini, akapewa dafu na hakulinywa. Tulipokuwa njiani kurudi nyumbani ndipo aliponiuliza, "Yule mama alinijua lini?"

"Hakujui, baba. Ni kazi yake."

"Alikuwa akinililia mimi," alisema. "Nieleze alisema nini."

Nikamweleza. Na Mungu anisamehe, nilitia chumvi. Nilimwambia ameimba kwamba watu wote wa kijiji wamepoteza mtu ambaye hawakumwona alipokuwa hai. Hilo halikuwemo. Niliona tu uso wake na nikataka kumpa.

Opera zile zilitoka Jumamosi moja, alasiri, nazo zilikuwa ziachwe mtandaoni mwezi mmoja. Tuliunganisha simu na televisheni, wakaja majirani. Mama alikuwa ameambiwa tu kwamba mumewe amepiga pasi nguo za wazungu. Ile ya kwanza ilipendwa mno. Wachumba wa kabatini walichekwa na watu ambao hawakuelewa neno hata moja, na mama akasema yule muuza kofia anafanana na jirani yetu fulani, jambo lililotuletea ugomvi wa wiki nzima.

Kisha ikaanza ya pili. Bahari, mchanga, na katikati mtu ndani ya bafta nyeupe, kichwa upande wa bahari, uso kibla. Kila mtu chumbani aliujua ule mlalo. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mama alisimama, akasema Innalillahi kwa sauti ya chini, mume wake akiwa ameketi hatua mbili kutoka alipo. Alipogundua alichokisema alitoka nje, na sikumwona mpaka magharibi.

Baba hakumwona akitoka. Alikuwa akiitazama skrini.

Nani alikata kipande cha ile ya pili na kukituma kwenye simu za watu, sikujua na sijajua. Kilikuwa cha nusu dakika tu, uso wa baba na ncha ya sanda, bila maelezo. Kilifika Lunga Lunga kwa shangazi, dada yake mkubwa baba, mtu asiyeamini simu isipokuwa inapoleta habari mbaya. Jumapili wakamsomea baba hitima huko. Jumatatu mchana shangazi akashuka kwenye bodaboda mlangoni petu na mfuko wa unga, kanga kichwani, analia. Nyuma yake wanawake wawili kwenye bodaboda nyingine.

Baba akatoka kuwapokea. "Shikamoo, dada."

"Marahaba," shangazi akajibu, kwa mazoea tu, kisha kilio kikamkatika. Alimshika baba uso kwa viganja viwili, akamshika mabega, akamshika mikono. Tulipomweleza habari yote, wenzake walicheka mpaka wakaketi chini. Shangazi hakucheka. Alikataa kula chakula chetu, akakataa hata maji, na kabla ya alasiri alikuwa ameshaondoka. Mfuko wa unga akauacha, kwa sababu unga wa matanga haurudishwi.

Jioni baba alikuwa na furaha kuliko nilivyomwona kwa miaka. Akatuhesabia kwa vidole. "Sanda nimevaa. Nimeliliwa. Hitima nimesomewa. Na kaburini nimeshateremshwa, mwanangu alinisomea, nilimsikia vizuri." Akanitazama. "Kilichobaki ni udongo tu."

Mama alikuwa akimenya muhogo, akaendelea kumenya.

Kuanzia hapo kila siku baada ya sala ya alasiri baba alijilaza kwenye mkeka wa ukumbini na simu, akaitazama ile ya pili. Ya kwanza aliiruka. Aliniomba nimsomee yale ambayo watu walikuwa wakiandika chini yake. Kulikuwa na mtu aliyesema uso wa yule maiti haumtoki, na mwingine aliyesema hajawahi kuona amani kama ile. Baba alinifanya nirudie. Miaka thelathini alikuwa amenyoosha shuka za watu wa nchi ile na hakuna aliyejua ana uso.

Mama ndiye aliyevikuta vidonge. Vilikuwa katika mfuko wa shati lake la kazi la zamani, lililoning'inia nyuma ya mlango, vya siku nyingi, vingine vimeshagandana kwa jasho la ukuta. Nilivichukua nikamwendea baba kwenye mkeka.

"Baba, unataka kufa?"

"Sitaki kitu. Nani aliyesema anataka?"

"Basi hivi ni vya nani?"

Alivitazama bila haya. "Mwanangu, mimi nimeshaona mwisho wangu, na ni mzuri. Wewe umewaosha wangapi? Mzuri kama ule umeuona kwa nani? Sasa niuharibu kwa kujikokota?"

Hasira ilinipanda. Nilitaka kumwambia kwamba ulikuwa mchezo, kwamba yule mwanamke alipomaliza kuimba aliuliza kama chakula kimeiva. Lakini mama alikuwa amesimama mlangoni, na yeye ndiye aliyesema.

"Mimi mkeo nipo. Wewe umekwenda kuliliwa na mke wa mtu."

Nilielewa maneno hayo yalikotoka. Kwetu mwanamke haendi makaburini, na kulia kwa sauti kunakatazwa. Siku ya baba ikifika mama atakaa chumba cha ndani na kanga kichwani, atafunga midomo, jeneza litatoka, na sauti yake haitamfikia. Wote wawili walikuwa wakilijua hilo tangu siku walipooana. Halikuwahi kuwa neno mpaka alipokuja yule mwimbaji na miguu yake mitupu.

Nilianza kuhesabu siku. Nilijiambia mwezi ukiisha wale Wafaransa wataiondoa opera yao, baba atanuna wiki moja, kisha atarudi kwenye uji na vidonge vyake. Aliponiomba nimhifadhie kwenye simu nikamdanganya kwamba haiwezekani, na akaniamini kwa sababu mimi ndiye msomi wa nyumba. Nilijaribu kumsagia vidonge ndani ya uji, akavionja mara moja na kuumimina uji kwa kuku. Nilimleta imamu. Imamu akamwambia kuacha dawa makusudi ni dhambi, baba akaitikia kwa heshima zote, akamsindikiza mpaka njiani, na kesho yake hakumeza. Miguu yake ilianza kuvimba. Usoni alikuwa mwepesi, mwenye bashasha, kama mtu anayengoja safari, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Zilikuwa zimebaki siku sita opera iondolewe. Mimi nilikuwa nimekwenda Ukunda kutafuta kazi, maana kulikuwa na uvumi kwamba hoteli moja itafungua. Mama alitoka uani akapita ukumbini kuchukua ndoo. Baba amelala kwenye mkeka kwa ubavu wa kulia, ametulia, simu inaimba. Mama akamwambia, "Acha mchezo wako," akapita. Akachota maji. Akarudi na ndoo, simu ilikuwa bado inaimba, na baba bado ametulia vilevile. Mama akakasirika, hakumsemesha kabisa. Akafua kanga mbili na shuka moja. Alipopita mara ya tatu simu ilikuwa imenyamaza, na baba hakuwa ameiwasha tena wala hakuwa amegeuka. Ndipo alipoona mdomo umekwenda upande mmoja na mate yamelowesha mkeka.

Hospitalini daktari aliuliza jambo moja kwa upole kabisa. Ilitokea saa ngapi, maana kiharusi kina saa zake, na dawa nyingine hazifai tena baada ya muda. Mama alifungua mdomo akaufunga. Mimi nikasema hatujui. Daktari akaandika hivyo, na sisi wawili hatukutazamana.

Baba alifumbua macho siku ya pili. Upande wa kulia wote ulikuwa umekwenda, na maneno pia. Muuguzi alikuja akamvutia shuka nyeupe mpaka kifuani, akaiingiza pembeni mwa godoro kama wanavyofanya. Baba akaishusha kwa mkono wa kushoto. Muuguzi akairudisha. Baba akaishusha tena, akaipiga teke kwa mguu mmoja uliokuwa ukimtii, sauti inamtoka kooni isiyokuwa neno. Nimewaona watu wengi karibu na kifo, ni kazi yangu. Nilijua ninachokiona. Baba alikuwa anaogopa. Ule wepesi wa mwezi mzima haukuwepo tena, hata kidogo. Alikuwa mzee anayetaka kuishi, na alikuwa amechelewa kutuambia.

Mama alivua kanga yake ya juu, yenye maua ya kijani, akamfunika nayo. Baba akaiacha. Kisha mama akainama mbele ya wagonjwa wote wa wodi ile, akamlilia kwa sauti. Alimwita jina ambalo sikuwahi kulisikia. Hakuimba, hakuwa na ufundi wowote, kamasi zilikuwa zikimtoka. Nilimsogelea nikitaka kumnyamazisha kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa, na baba akanisukuma kwa mkono wake mzima.

Sasa yuko nyumbani. Anameza dawa zote, na mama akichelewa anagonga ukuta kwa kidole mpaka aje. Hoteli zilishafunguliwa, lakini mimi huingia kazini saa nne kwa ruhusa, kwa sababu kila asubuhi ni mimi ninayemwogesha. Ninamlaza kwenye kitanda cha kamba, ninaanza na upande wa kulia na kumalizia kushoto, maji kidogokidogo, kwa kuwa mikono yangu haijui njia nyingine ya kumwosha mtu aliyelala. Baba anaijua njia hiyo vilevile. Tangu asubuhi ya kwanza hafumbi macho. Maji yakimpita usoni hafumbi. Povu la sabuni likimwingia hafumbi, macho yanakuwa mekundu, yanatoa machozi, na bado yanaifuata mikono yangu inakokwenda. Nimemwambia mara nyingi, Baba, fumba, ni sabuni tu hii.

Hafumbi.